Mfumo Ndio Umetoa: Kutafuta Si Kuhesabu

Nilimuuliza mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili kwa nini jedwali lake la malalamiko ya wananchi lilikuwa na mikoa 20 tu, ilhali Tanzania ina mikoa 31. Alinijibu kwa utulivu kabisa: “Mwalimu, mfumo ndio umetoa.” Hakuwa mvivu wala mdanganyifu. Alikuwa amepewa ruhusa na ofisi moja ya umma kusoma kumbukumbu zake za malalamiko, akaandika swali lake kwa lugha ya SQL kama tulivyomfundisha, akapata jedwali safi lenye mistari 20. Juu ya jedwali hilo akajenga sura nzima ya tasnifu. Mikoa 11 isiyoonekana, aliandika, haikuwa na malalamiko. Kwa hiyo ama huduma huko zilikuwa nzuri, ama wananchi wake hawakujua haki yao ya kulalamika. Akahitimisha kwa kupendekeza kwamba maofisa wa kushughulikia malalamiko wapunguzwe katika mikoa hiyo na kupelekwa kwenye uhitaji mkubwa zaidi.

Nilimwomba arudi kwenye mfumo ule na kuongeza maneno mawili mwishoni mwa swali lake: LIMIT 100. Mikoa yote 31 ikajitokeza. Mmoja kati ya ile iliyokuwa imefichika ulikuwa wa tatu nchini kwa wingi wa malalamiko.

Lililonikosesha usingizi si kosa la mwanafunzi. Wanafunzi hukosea, na kazi yetu ni kuwakosoa. Lililonikosesha usingizi ni kwamba ofisi yenyewe ilikuwa imelitumia jedwali lile lile katika taarifa zake za robo mwaka tatu mfululizo, na hakuna aliyehesabu mistari. Ninaandika makala haya kupinga tabia hiyo: tabia ya kuchukua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutafuta, kukivalisha vazi la chombo cha kuhesabu, kisha kugawa maofisa, dawa na fedha za umma kwa namba zinazotoka ndani yake.

Tuanze na chombo chenyewe, maana hoja yangu haitasimama bila kuelewa kilivyoundwa. Ofisi nyingi zenye maandishi mengi, kama barua, malalamiko, hukumu au taarifa za wagonjwa, huwa na vyombo viwili. Cha kwanza ni hifadhidata, yaani daftari kuu, ambamo kila tukio lina mstari wake. Cha pili ni injini ya utafutaji, ambayo huyachukua maandishi hayo na kuyatengenezea faharasa, mithili ya ile iliyo nyuma ya kitabu: kila neno na orodha ya nyaraka linamopatikana. Faharasa hiyo ndiyo inayomwezesha ofisa kuandika “bomba limepasuka” na kupata barua zinazohusika kwa kufumba na kufumbua. Miongoni mwa injini za aina hiyo ni Sphinx, ambayo Andrew Aksyonoff alianza kuitengeneza mwaka 2001. Manticore, iliyochipuka kutoka kwa Sphinx mwaka 2017. Na Elasticsearch, iliyotolewa na Shay Banon mwaka 2010. Ni kazi bora za uhandisi. Sina ugomvi nazo zinapofanya kazi zilizoumbiwa.

Lugha ya SQL, kwa upande wake, ina asili nyingine. Mwaka 1970 Edgar Codd, akiwa mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha nadharia ya kupanga data katika majedwali yenye kanuni za kihisabati. Mwaka 1974 wenzake wawili wa kampuni hiyo hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaeleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, na lugha hiyo ndiyo iliyozaa SQL. Ahadi yake ni nyepesi kueleza na nzito kutimiza: ukiuliza idadi, utapata idadi ya mistari yote inayotimiza sharti lako. Ukisema GROUP BY mkoa, utapata mikoa yote iliyomo. Kizazi baada ya kizazi cha wahasibu, watakwimu na maofisa mipango kimejifunza kuiamini ahadi hiyo, na kimekuwa na haki ya kuiamini.

Kisha injini za utafutaji zikaanza kuzungumza SQL. Elasticsearch iliingiza lugha hiyo katika toleo la 6.3, mwaka 2018. Sphinx ilikuwa imetangulia na kwenda mbali zaidi, kwani huzungumza hata itifaki ya mawasiliano ya MySQL, kiasi kwamba ofisa anaweza kuunganisha programu yake ya kila siku ya MySQL na injini ya utafutaji, akaona kila kitu kama alivyozoea. Maneno ni yale yale na jedwali ni lile lile. Ahadi ya nyuma ya maneno hayo ndiyo iliyobadilika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa mwili unaonekana kwa yeyote atakayesogea karibu.

Tuchukue zile namba 20 za mwanafunzi wangu. Katika Sphinx na Manticore, mtu asipotaja kikomo cha majibu, injini humrudishia 20 ya kwanza. Kwa mtafutaji huo ni uamuzi wa busara. Anayetafuta barua moja kati ya milioni hahitaji milioni nzima; anahitaji ukurasa wa kwanza. Kwa mhesabuji ni msiba, kwa sababu mikoa haina ukurasa wa kwanza. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hakutaja neno la kutafuta wala mpangilio. Katika hali hiyo nyaraka zote zina uzito sawa, na injini hupanga kwa namba za utambulisho, kuanzia iliyo ndogo. Namba hizo zilitolewa kwa kadiri malalamiko yalivyokuwa yakiingia. Maana yake, mikoa iliyofutika haikuwa ile yenye malalamiko machache. Ilikuwa ile ambayo lalamiko lake la kwanza liliingia kwenye mfumo baada ya mikoa mingine 20 kutangulia. Waliochelewa kuunganishwa na mfumo wakaandikwa kuwa hawana shida.

Wapo watakaosema: basi ongeza kikomo, mambo yaishe. Hayaishi. Sphinx hufanya kazi ya kuweka vikundi ndani ya kumbukumbu yenye ukubwa maalumu, na kikomo chake cha kawaida ni majibu 1,000. Nafasi zikijaa, kikundi kinachoonekana hafifu hutupwa ili kipya kipate pa kukaa. Na kikundi kilichotupwa kikijitokeza tena baadaye, huanza kuhesabiwa upya kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Nyaraka za Sphinx zenyewe zinakiri kwamba matokeo ya namna hii ni makadirio, na kwamba idadi ndani ya kikundi inaweza kuwa pungufu. Sasa fikiria ofisa anayetaka malalamiko kwa kila kata. Tanzania Bara ina kata zaidi ya 3,900. Kwa mikoa 31 mfumo ungesema kweli baada ya kurekebishwa kikomo. Kwa kata, mfumo huo huo, kwa ofisa huyo huyo na kwa lugha hiyo hiyo, ungeweza kutoa namba pungufu bila kupiga kelele yoyote.

Kuhesabu vitu visivyojirudia nako kuna mtego wake. Ukiuliza ni wananchi wangapi tofauti waliolalamika, swali lako litakuwa COUNT(DISTINCT). Manticore inaonya kwamba data ikiwa imegawanywa katika sehemu kadhaa, jibu la swali hilo linaweza lisiwe sahihi. Sababu yake yeyote aliyewahi kusimamia orodha ya mahudhurio ataielewa: ukiuliza kila mlango umepitisha watu wangapi kisha ukajumlisha, aliyeingia kwa milango miwili amehesabiwa mara mbili. Elasticsearch imechagua njia nyingine, ya makadirio ya kihisabati yaliyotokana na kazi ya Philippe Flajolet na wenzake ya mwaka 2007. Njia hiyo hukadiria idadi ya vitu tofauti kwa kutumia kumbukumbu ndogo mno, na kosa lake linajulikana na linaweza kuelezwa. Hayo ni makadirio ya heshima. Lakini katika jedwali la SQL namba hiyo hutoka uchi, bila alama ya “takriban” mbele yake wala kiwango cha kosa pembeni. Inakaa safu moja na namba zilizohesabiwa kwa uhakika, na macho hayawezi kuzitofautisha.

Mfano wa mwisho ndio unaonigusa zaidi kisiasa. Injini kubwa hugawa data katika vipande vinavyokaa kwenye seva mbalimbali. Ukiomba vikundi vikubwa zaidi, kwa njia iliyozoeleka sana ya Elasticsearch kila kipande huleta orodha yake fupi ya vinara, kisha orodha hizo huunganishwa. Tuchukulie tuna vipande vitatu, na kila kimoja kinaleta vinara wawili. Cha kwanza kina malalamiko ya maji 500, barabara 400 na ardhi 390. Cha pili kina umeme 500, afya 400 na ardhi 390. Cha tatu kina elimu 500, ajira 400 na ardhi 390. Ardhi ina malalamiko 1,170, zaidi ya mara mbili ya tatizo lolote jingine. Lakini kwa kuwa ni ya tatu kila mahali, haipelekwi na kipande chochote. Katika jibu la mwisho, ardhi haipo kabisa.

Haki itendeke kwa wahandisi: wanalijua jambo hili. Ndiyo maana Elasticsearch huomba kila kipande orodha ndefu kuliko inayohitajika, na katika jibu lake la asili huambatisha makadirio ya ukubwa wa kosa. Kwa upande wa SQL, wameamua kupita njia nyingine inayotembelea vikundi vyote. Hata hivyo njia hiyo nayo ina bei yake: haiwezi kupanga vikundi kwa jumla zao ndani ya injini, bali huvikusanya kwanza na kuvipanga baadaye, kwa kikomo cha mistari 65,535. Maswali yaliyotungwa ndani ya maswali mengine, ambayo mtakwimu huyatumia kila siku, nayo hukataliwa pindi yanapobeba GROUP BY ndani yake. Manticore wameweka chaguo la kudai usahihi wa majumlisho, ila kwa kawaida halijawashwa. Yote haya yameandikwa na watengenezaji wenyewe. Hakuna siri hapa. Kuna wasomaji wasiosoma.

Na hapo ndipo lawama yangu inapohama kutoka kwa mashine kuja kwetu. Mhandisi aliyeandika onyo amemaliza sehemu yake. Ofisa aliyenunua mfumo bila kuuliza unahesabu vipi hajamaliza yake. Mhadhiri, nikiwamo mimi, aliyefundisha sarufi ya SQL bila kumwambia mwanafunzi kwamba sarufi moja inaweza kukaa juu ya vyombo viwili vyenye maadili tofauti, naye hajamaliza yake. Tumeizoea sentensi ile ya “mfumo ndio umetoa” mpaka imekuwa kinga. Zamani karani aliyekosea hesabu alikuwa na jina na kalamu. Ungeweza kumwita, akafungua daftari, mkahesabu pamoja. Leo namba haina mwenyewe. Ofisa anasema mfumo umetoa, msimamizi wa mfumo anasema swali ndilo lililoandikwa hivyo, mwandishi wa swali anasema alifuata lugha. Mwananchi wa mkoa uliofutika hana wa kumuuliza.

Nchi hii imewahi kuonja uchungu wa namba zisizopaswa kuhojiwa. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 kwa namna iliyofanya kusambaza takwimu zinazokanusha takwimu rasmi kuwa kosa la jinai. Watafiti na wanaharakati walipaza sauti, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena, kifungu hicho kikaondolewa. Ulikuwa ushindi wa maana. Ila haki ya kuhoji namba haina faida kama hatuna uwezo wa kujua ilivyopatikana. Sheria iliweza kutunyamazisha kwa adhabu. Jedwali safi lenye mistari 20 linatunyamazisha kwa unadhifu wake. La pili ni gumu zaidi kulipinga, kwa sababu hakuna aliyelikusudia.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba takwimu zote ni makadirio, na sampuli yoyote ina kosa lake. Ni kweli, na ndiyo maana nazitofautisha hali mbili. Mtakwimu anayechukua sampuli huchagua kwa bahati nasibu, hutangaza ukubwa wa sampuli na hutaja kiwango cha kosa. Mfumo unaokata vikundi kwa kufuata nani alitangulia kuingia haujachagua sampuli; umetupa watu, tena bila kutangaza. Kosa la bahati nasibu huwapata wote kwa zamu. Kosa la kukata mkia huwapata wale wale kila mara: kata ndogo, ugonjwa adimu, kundi lililochelewa kufikiwa na mtandao.

Jibu la pili ni kasi. Nitaambiwa kwamba hifadhidata kuu ni nzito, kwamba kuiuliza jumla za nchi nzima kutasimamisha huduma, na kwamba injini ya utafutaji hujibu papo hapo. Nauliza: taarifa ya robo mwaka inahitaji jibu la robo sekunde kwa sababu gani? Hesabu inaweza kufanyika usiku, kwenye nakala ya daftari kuu, wakati ofisi imefungwa. Tarehe 23 Agosti 2022 taifa hili lilianza kuhesabu watu wake mmoja mmoja, likapata 61,741,120, na hakuna aliyelalamika kwamba jibu halikutoka papo hapo. Tulikubali kusubiri kwa sababu tulijua kila mtu mmoja ana haki ya kuwamo katika jumla.

Jibu la tatu ni kwamba haya ni mambo ya mafundi, na mchambuzi wa siasa ayaache. Siyaachi. Kuamua nani ahesabiwe ni jambo la siasa tangu siku ya kwanza dola ilipotoza kodi. Kama uamuzi huo sasa umekabidhiwa kwa chaguo-msingi lililowekwa na mhandisi aliyekuwa akiwafikiria watu wanaotafuta bidhaa katika duka la mtandaoni, basi siasa imehamia humo, na sisi tunapaswa kuifuata.

Ninachodai ni kidogo. Injini za utafutaji zibaki zikitafuta, na zisifie kwa hilo. Jumla zote zinazoingia katika taarifa ya umma zitoke kwenye daftari kuu. Pale ambapo makadirio hayaepukiki, neno “makadirio” liandikwe ndani ya jedwali lenyewe, pamoja na kiwango cha kosa, wala lisifichwe katika kiambatisho. Swali lililozaa jedwali lichapishwe chini yake, ili mwanafunzi yeyote aweze kulirudia. Na sisi tunaofundisha tuache kumpa mwanafunzi alama kwa kuandika swali linalokubaliwa na mashine. Tumpe alama anapoweza kuthibitisha kwamba jibu lake ni kweli.

Kipimo cha kwanza cha uthibitisho huo hakihitaji utaalamu. Ofisa anayesoma hapa anaweza kukitumia kesho asubuhi. Uliza mfumo una kumbukumbu ngapi kwa jumla, bila kuzigawa. Kisha jumlisha safu ya mwisho ya jedwali lililogawanywa kwa mikoa, kata au magonjwa. Iwapo kila kumbukumbu imo katika kundi moja tu, namba mbili hizo lazima zilingane. Zisipolingana, kuna watu waliotupwa, na taarifa hiyo haistahili kutiwa saini. Kisha hesabu mistari kwa kidole. Ukikuta 20 kamili, 100 kamili au 1,000 kamili, simama hapo na uulize. Maisha ya watu hayaishii kwenye namba za mviringo.

Mwanafunzi wangu aliiandika upya sura ile. Ilimchukua majuma matano, na hitimisho lake liligeuka: mikoa aliyokuwa amependekeza ipunguziwe maofisa, miwili kati yake ndiyo aliyoitaja mwishoni kuwa inahitaji kuongezewa. Nilipomuuliza kama alikuwa ameiarifu ofisi iliyompa data, alisema alikuwa amepeleka barua na kuambiwa itashughulikiwa. Barua hiyo imeingizwa kwenye mfumo. Naamini ukiitafuta, utaipata.